Ukumbi Niliouingia Kichwani

Barua ilisema nitasimama mbele ya kikao cha uchunguzi siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, nieleze kwa mdomo wangu niliyoyaona kwenye tangi namba tatu. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje ya ghala, nikaikunja, nikaitia mfukoni, halafu nikaitoa tena, kana kwamba maneno yangebadilika humo mfukoni.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nimefanya kazi katika miji mingi, mingine hata jina lake limenitoka. Nimepakia magunia, nimechoma matofali, nimelinda geti la shule na kusikiliza kupitia dirishani hesabu zilezile nilizoziacha katikati utotoni. Elimu yangu niliiokota hivyo, kipande hapa kipande kule. Kusoma nasoma. Kuandika naandika, ila polepole kama mtu anayetoa mwiba. Lakini watu wakae kimya wanitazame mimi tu, hilo hapana. Kwenye harusi ya mdogo wangu walinipa kipaza sauti nikasema "asanteni," nikakirudisha. Mpaka leo shemeji zangu wananiita Bwana Asanteni.

Afadhali nieleze kwanza kazi yetu, maana bila hiyo kosa lenyewe halitaeleweka.

Kiwanda ni cha sabuni. Kila mwisho wa wiki tangi moja husafishwa. Watu sita huingia kwa mdomo ulio ubavuni mwa tangi, tundu la kupita mtu aliyeinama, wakakwangua ganda lililoshika kwenye kuta. Wakishatoka, mdomo unafungwa kwa mfuniko wa chuma wenye bolti nane, kisha mvuke unaachiwa ndani kuyeyusha mabaki. Mvuke ule hauna mzaha. Kwa sababu hiyo pembeni ya mdomo pana ubao wenye misumari, na kila mfanyakazi ana kibati chake chenye namba. Ukiingia unakitundika. Ukitoka unakichukua. Hata kama umeingia kuokota kofia tu, unakitundika. Kuita hakusaidii, maana mashine za chumba cha pili zinanguruma mpaka meno yanacheza, na ndani ya tangi mna giza na nguzo. Ubao ndio macho yetu. Mlinda mdomo, yaani mimi, anautazama. Ukiwa mtupu anafunga mfuniko, anapiga filimbi moja ndefu, na fundi wa mvuke aliye kule juu kwenye ngazi anafungua koki.

Aliyenifundisha kazi hiyo tulimwita Mara-Mbili. Kila kitu alikifanya mara mbili. Akifunga kabati lake anarudi kulivuta. Akikusalimia asubuhi anaweza kukusalimia tena baada ya dakika tano, si kwa usahaulifu, ila kuhakikisha umeitikia. Wenzetu walimcheka, naye alicheka nao. Alikuwa amenizidi umri kwa mwaka mmoja tu lakini nilimwita kaka, kwa kuwa ndiye aliyeniona nimekaa getini na mfuko wangu mmoja, akaniingiza kazini, na jioni ya siku ileile akanipeleka kwake nikala na mkewe na binti yake.

"Kazi hii uipite kichwani kabla hujaigusa," aliniambia wiki ya kwanza. "Asubuhi, ukiwa na chai yako. Fumba macho. Uone mdomo, uone ubao, upite msumari mmoja mmoja. Shika mfuniko, usikie uzito wake. Kaza bolti zote nane. Mkono ukifika kazini unakuta kichwa kimeshatangulia."

"Na kichwa kikikosea njia?"

"Kirudishe kianze upya. Mimi napita mara mbili."

"Ndiyo maana mkeo anakulalamikia kuchelewa."

"Mimi ninaye wa kunilalamikia. Wewe unachelewa kwa nani?"

Nilimsikiliza. Kwa miaka minne, kila siku ya kusafisha, nilikaa kitandani na kikombe changu cha chai, nikafumba macho, nikaipita kazi. Nikawa hodari. Nilifika mahali ambapo mikono yangu ilifanya yenyewe na mimi nikawa kama abiria.

Siku ile tangi lilikuwa namba tatu. Watu sita waliingia, watu sita wakatoka wakaelekea kwenye mabomba kunawa. Raba ya mfuniko ilikuwa imepasuka, nikaenda stoo kuchukua nyingine. Hatua thelathini kwenda, thelathini kurudi. Niliporudi nikaweka raba, nikainua mfuniko, nikakaza bolti nane, nikapiga filimbi. Fundi wa mvuke akafungua.

Mara-Mbili alikuwa amerudi ndani. Alirudi kama kawaida yake, kukagua mara ya pili kona aliyokwisha kuikwangua.

Tulipojua, baada ya kumkosa kwenye mabomba, tulirukia bolti wote kwa pamoja, ubao ukagongwa ukaanguka, tukaukanyaga. Baadaye kibati chake kilikutwa sakafuni, kimepinda, katikati ya alama za viatu. Huenda kilidondoka kutoka kwenye msumari. Huenda kilidondoka kutoka mfukoni mwake tulipokuwa tukimvuta nje. Hakuna aliyekiona kabla. Mtu pekee ambaye kazi yake ilikuwa kukiona ni mimi.

Nilipoulizwa siku ileile nilijibu bila kusita: "Nilitazama ubao. Ulikuwa mtupu." Sikudanganya. Nilikuwa nauona kabisa, misumari sita mitupu, kama ninavyokiona kidole hiki.

Sasa kikao kilitaka niseme hivyo mbele ya watu, ili wapate kuandika. Wakiandika kwamba ubao ulikuwa mtupu, itasomeka kwamba Mara-Mbili alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, aliingia bila kutundika. Wakiandika vingine, aliyemuua ni mimi.

*

Afisa utumishi ni mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba. Aliniita Jumatatu akanikalisha.

"Mzee, nasikia unaogopa."

"Siogopi kikao, mama. Naogopa kusimama."

"Hilo lina dawa." Akanipeleka ghorofani, kwenye ukumbi ambako kikao kingefanyika. Ukumbi mkubwa, mapazia ya kijani, viti vya mbao safu nane, na mbele jukwaa la ngazi tatu lenye meza ya kusemea. Akanisimamisha mezani pale. "Tazama kila kitu. Mlango, viti, dirisha. Halafu ukiwa nyumbani, fumba macho, uingie humu kichwani mwako. Panda ngazi. Waone watu. Sema maneno yako mwanzo hadi mwisho, taratibu. Fanya hivyo kila siku, Ijumaa itakukuta umeshazoea. Utajisikia kama unakuja mara ya kumi."

Nilimtazama. "Nani amekufundisha hivyo?"

"Wanafundisha kwenye semina. Kwa nini?"

"Basi tu, mama."

Tuliandika maneno yangu pamoja. Yalikuwa machache. Naitwa fulani, mlinda mdomo. Watu sita waliingia, sita walitoka. Nilikwenda stoo kuchukua raba. Niliporudi nilitazama ubao. Ulikuwa mtupu. Nilifunga, nikapiga filimbi. Namsikitikia ndugu yangu.

Jumanne asubuhi nilichemsha chai, nikakaa kitandani, nikafumba macho. Niliingia ukumbini vizuri. Mapazia yalikuwapo, ngazi tatu zikalia chini ya viatu vyangu. Viti vimejaa watu wasio na sura. Nikasema maneno yangu yote, sauti ikatoka. Nilipofumbua macho nilikuwa natabasamu peke yangu chumbani kama mwehu.

Nikaona nirudie. Mara-Mbili alinizoesha hivyo, kupita mara mbili.

Safari ya pili niliwaona watu wasio na sura vilevile, ila safu ya mwisho kabisa, kiti cha pembeni, palikuwa na mtu mwenye mgongo. Nasema mwenye mgongo kwa sababu wengine wote walikuwa kama vivuli, huyu alikuwa na mwili, ovaroli ya buluu iliyolowa mpaka mabegani. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Akaifungua, akaifunga tena.

Nilifumbua macho. Chai ilikuwa imepoa.

Nilijiambia ni huzuni tu, inapita. Jumatano nikaingia tena, nikipanga nisitazame nyuma. Haikuhitajika nitazame nyuma. Alikuwa amesogea safu ya nne. Maji yalikuwa yanamdondoka na kuingia chini ya viti vya mbele, na wale watu wasio na sura wakawa wanainua miguu yao bila kulalamika. Nikasema maneno yangu kwa haraka. Nilipofika kwenye "niliporudi nilitazama ubao," yeye hakunitazama mimi. Aligeuza shingo akatazama ukutani, upande wa kushoto. Nami nikajua kwamba ubao upo pale, umetundikwa kati ya mapazia mawili, na kwamba nikigeuka nitauona.

Sikugeuka. Nilimaliza maneno nikiwa nimekodolea meza.

Mchana nilijaribu tena kwenye benchi la ghala, kelele za mikokoteni zikiwa pande zote, nikidhani watu watamfukuza. Alikuwa safu ya pili. Harufu ya sabuni ikanijia, na kiwandani harufu hiyo huwa haisikiki hata kidogo, maana pua zetu zimeshaizoea. Safari hii niligeuka. Ubao ulikuwa mtupu. Nikashusha pumzi, nikamtazama, naye akatikisa kichwa, akanionyesha kidole kuelekea ukutani: tena. Nikageuka mara ya pili. Palikuwa na kibati kimoja kwenye msumari wa tano.

Nikageuka tena, hakipo. Tena, kipo. Kichwa changu kilikuwa kinanipa chochote ninachokiomba, na chochote ninachokiogopa, kwa bei moja.

Hapo nikashikwa na hofu ambayo si ya kusimama mbele za watu. Nikaacha ukumbi. Nikaamua nirudi kwenye kumbukumbu yenyewe, ile ya siku ile, nisimame mbele ya ubao halisi nione. Nikaiita. Ikaja upesi, safi kama siku zote. Misumari sita, mitupu, kila msumari na kivuli chake kimelala upande wa kulia.

Kimelala upande wa kulia.

Nilikaa nayo hiyo kwa muda mrefu. Halafu nikainuka, nikaenda kwenye chumba cha tangi namba tatu. Walikuwa wameshautundika ubao mpya mahali palepale. Nikasimama mbele yake. Chumba kile hakina dirisha. Kina taa moja tu, juu kabisa, na vivuli vya misumari vilishuka chini moja kwa moja kama machozi.

Nikatembea mpaka nyumbani kwangu nikakaa kitandani, mahali ninapokalia kila asubuhi. Dirisha langu liko kushoto. Jua linaingia kwa kushoto. Kila kitu chumbani mwangu kina kivuli kilicholala kulia, hata kikombe.

Ubao niliouona ukiwa mtupu niliuona humo kitandani, asubuhi ya siku ile, kabla sijavaa viatu. Nimeutafuta ule mwingine, wa kiwandani, wa baada ya kutoka stoo. Haupo. Nina raba mkononi, halafu nina mfuniko mkononi. Kati yake hakuna kitu. Nilikuwa nimeshaupita kichwani, basi sikuona haja ya kuupita kwa macho, na mikono ikaendelea na kazi yake kama ilivyofundishwa.

*

Alhamisi mchana binti wa Mara-Mbili alikuja. Ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea karibu na stendi, na alikuja na tepu yake ya kupimia ingali shingoni. Tangu jioni ile ya kwanza nilipokula kwao ananiita baba mdogo.

"Baba mdogo, hodi."

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo, hicho kiti kingine mguu wake si mzima."

"Hujakitengeneza tu? Baba alikuwa anasema utakitengeneza siku utakayohama."

Tulicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha.

"Mama ameniambia nije nikuulize," alisema. "Yeye hawezi kuja. Haji popote. Anakaa sebuleni anauliza swali hilohilo. Mtu aliyekuwa akiinuka kitandani kuhakikisha jiko limezimwa, jiko alilolizima mwenyewe, inawezekanaje asitundike? Anauliza asubuhi, anauliza mchana. Mimi nimechoka kumjibu sijui."

Alivua tepu shingoni, akaiweka magotini.

"Kiwandani wanasema wewe umeona ubao mtupu. Mimi sikukatazi kusema ulichokiona. Nikikukataza baba mwenyewe angenigombeza. Nataka tu unihakikishie. Uliona?"

Maneno yote yalikuwa yameshajipanga mdomoni, tangu Jumatatu. Ukweli ningemwambia pale, watu wawili tu ndani ya chumba, ingekuwa rahisi zaidi. Sikumwambia. Nilimfikiria mwenyekiti wa kikao, nikafikiria askari, nikafikiria miaka niliyobakiza na nilivyokuwa nimepanga kuimaliza hapa, mahali pa kwanza ambapo nimekaa zaidi ya misimu miwili. Nikasema, "Nitayasema yote kesho, mwanangu. Njoo usikie."

Alinitazama jinsi fundi anavyotazama nguo aliyoletewa na mtu mwongo aliyesema haijawahi kufuliwa.

"Haya," alisema. Akainuka. "Nitakaa mbele."

Alipoondoka sikuthubutu kufumba macho. Nilitembea. Mtu wa kutembea akiwa na shida huwa anatembea. Nilifika mpaka kituo cha mabasi, nikasoma vibao vyote vya miji iliyoandikwa pale, nikajua nauli ya kila mmoja. Mfuko wangu ni uleule mmoja. Kondakta mmoja akanishika mkono, "Mzee, twende, bado siti moja, dirishani kabisa!" Nikasimama na mguu mmoja umeinuka.

"Unaenda huendi?" akauliza. "Usitufungie mlango."

"Nina kazi kesho," nikamwambia.

"Kesho si leo, baba! Panda!"

Nikashusha mguu. Sitadai ilikuwa ni ushujaa. Niliogopa tu kwamba nikikaa dirishani na kufumba macho, kiti cha pembeni yangu kitakuwa kimelowa.

*

Ijumaa tukaambiwa ukumbi mkubwa umechukuliwa na watu wengine, kikao kitafanyika chini, kwenye chumba cha mafunzo. Chumba kidogo. Hakuna jukwaa, hakuna ngazi, hakuna mapazia. Meza moja ndefu, nyuma yake wageni watatu, mwenyekiti wao akiwa bwana mnene mwenye sauti nyembamba, na mbele yao viti vya plastiki kama ishirini. Mtu wa kwanza niliyemwona ni binti wa Mara-Mbili, safu ya mbele. Wa pili ni fundi wa mvuke, kajikunja kwenye kona. Hajashika koki tangu siku ile. Wamempa kazi ya kubandika lebo.

Hakuna kitu nilichokizoea. Mlango ulikuwa upande mwingine. Nilitafuta kila kiti. Mara-Mbili hakuwapo. Niliwaza, ameniachia.

"Mzee, simama hapohapo ulipo," alisema mwenyekiti. "Usiogope. Tueleze."

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo linalonitisha kuliko yote. Nilisimama nikiwa nimeshaamua kusema ukweli. Niliamua nikiwa njiani, kwa akili zangu timamu. Nikafungua mdomo, na mdomo ukaenda wenyewe.

"Mimi ni mlinda mdomo wa tangi namba tatu. Watu sita waliingia, sita walitoka. Nilikwenda stoo kuchukua raba. Niliporudi nilitazama ubao. Ulikuwa mtupu. Nilifunga, nikapiga filimbi. Namsikitikia ndugu yangu."

Sauti ilitoka nzuri, haikutetemeka hata mahali pamoja. Afisa utumishi aliitikia kwa kichwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu. Mwenyekiti alikuwa anaandika. Kila kitu kilikuwa kimekwisha, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya sauti yangu nikiisikiliza kama watu wengine.

"Ahsante sana, mzee. Kwa ufupi na kwa uwazi," akasema mwenyekiti. "Unaweza kukaa."

Magoti yalikuwa yameshaanza kukunjika. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha ile tepu kwenye kidole, anaikunjua, anaizungusha tena.

"Futa," nikasema.

"Unasemaje?"

"Futa uliyoandika, bwana mwenyekiti. Hayo si yangu. Yaani yangu, lakini niliyakariri."

Watu wakageuka. Afisa utumishi akavua miwani. "Mzee amechoka," akasema, "ni mshtuko, tumpe maji."

"Sitaki maji, mama. Ngojeni." Na hapo sasa ndipo nilipokuwa mbele za watu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, bila neno hata moja la kushika. Nilisema "eee" nyingi mno. Nilianza katikati, nikarudi nyuma, nikaruka mbele. Nikawaambia habari ya chai. Mmoja wa wageni akauliza chai inahusiana vipi na tangi, wengine wakacheka kidogo, nami nikamwambia, inahusiana bwana, vumilia. Nikawaambia namna tunavyoipita kazi kichwani. Nikawaeleza vivuli vya misumari, kulia na chini. Nilitumia mikono, maana maneno yalikuwa hayatoshi, mkono mmoja ukawa dirisha na mwingine ukawa msumari.

"Kwa hiyo ubao ulikuwa na kibati?" mwenyekiti akauliza.

"Sijui."

"Ulikuwa mtupu?"

"Sijui, bwana. Ndicho ninachowaambia. Sikuutazama. Niliutazama nyumbani. Kazi yangu ilikuwa jambo moja tu, na jambo hilo nililifanya kitandani."

"Unaelewa unachosema, mzee? Unaelewa kinakupeleka wapi?"

"Naelewa. Na andika na hili. Marehemu hakuwahi kuingia bila kutundika, miaka minne niliyomwona. Hilo sikuliona kichwani. Hilo nililiona kwa macho, kila wiki."

Fundi wa mvuke akainuka kule kwenye kona. Nilidhani anakuja kunipiga, na ningekubali. Alisimama tu, uso umemlegea, akasema kwa sauti ndogo, "Miezi miwili hii nimekuwa nikidhani labda sikusikia filimbi. Labda nilifungua kabla."

"Ulisikia," nikamwambia. "Niliipiga. Ulifanya sawasawa."

Akakaa chini akajifunika uso kwa mikono yake iliyojaa gundi ya lebo.

Mwenyekiti alinisomea maneno yangu polepole ili nithibitishe. Sikujua kwamba maneno yako yakisomwa na mtu mwingine yanakuwa mazito namna ile. Nikaweka sahihi, herufi moja moja, wote wakinisubiri. Akasema nisiondoke mjini, nitaitwa tena, na safari nyingine huenda si mahali hapa bali mahakamani. Nikasema sawa.

Nje kulikuwa na jua kali. Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji. Binti akaja akasimama mbele yangu, kivuli chake kikanifunika.

"Jana ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Nilikuuliza ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mwanangu."

Alisubiri mpaka gari moja la mizigo likapita na kelele zake zote zikaisha.

"Inuka," akasema. "Twende nyumbani. Ukamwambie mama mwenyewe."

"Sasa hivi?"

"Unataka lini?"

"Nipe dakika chache tu. Nijipange nitakavyoanza."

Nilikuwa nimeshafumba macho. Kwa mazoea tu. Niliuona mlango wao, mkeka, yeye shemeji amekaa. Na mtu mmoja amesimama nyuma ya kiti chake, analowesha sakafu.

Mkono ukanishika mkono wa shati ukanivuta.

"Hapana, baba mdogo. Usijipange. Fumbua macho."

Nikafumbua. Tukatembea. Ni mwendo wa dakika ishirini, na hakuachia shati langu njia nzima, kama mtu anayempeleka kipofu, au mwizi. Kila nilipotaka kutanguliza kichwa, alilivuta, nami nikatazama kilichokuwapo: duka la vioo, mbuzi, mwanamke anamwaga maji, ngazi.

Mlango ulikuwa wazi. Shemeji alikuwa amekaa si pale nilipomwona, bali karibu na dirisha, na amekonda kuliko nilivyomwona. Alininyooshea mkono nisogee.

"Bwana Asanteni," alisema, "leo umesema mbele za watu?"

"Nimesema, shemeji."

"Haya. Nami niambie."

Nyuma ya kiti chake palikuwa patupu. Nilipatazama mara moja, kisha nikapatazama tena. Halafu nikafungua mdomo bila kujua neno la kwanza litakuwa lipi.